Likizo Nyuma ya Dirisha la Basi

Basi litokalo Dar es Salaam kwenda Mbeya likishamaliza kupanda mlima wa Kitonga huvuta pumzi pale Ilula. Abiria hupewa dakika chache za kuchimba dawa. Akina mama na vijana wa Ilula huja mbio, wameinua ndoo za nyanya na mifuko ya vitunguu hadi usawa wa dirisha. Bei inapatana, chenji inarushwa, basi linaondoka. Wengi wetu tumepita hapo mara 10 au 20, na tukiulizwa tunaijuaje Ilula tutajibu: nyanya.

Mbele kidogo ya Ilula, katika njia hiyo hiyo ya kwenda Iringa, ipo Lugalo. Hapo ndipo tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, yule ambaye Waafrika walimbandika jina la Nyundo, kiliviziwa na mashujaa wa Mtwa Mkwawa na kuvunjwavunjwa. Zelewski mwenyewe alikufa hapo, na Wazungu wenzake 9, na askari na wapagazi wengi sana. Mnara upo. Mabasi hayasimami, maana Lugalo hapauzwi nyanya.

Nayasema haya kwa sababu kila inapofika Juni na Desemba mjini hapa husikika malalamiko yale yale, kwamba mapumziko ni mambo ya Wazungu na ya wenye fedha. Malalamiko hayo yana historia, na historia yenyewe imepita katika nyanda hizi hizi za juu.

Mzungu wa kwanza kuja kutawala pwani yetu aliogopa vitu viwili, joto na homa. Hata baada ya kujulikana kwamba mbu ndiye mwenye kueneza malaria, imani ilibaki kwamba dawa ya homa ni kupanda mlima. Wajerumani wakajenga mji wao wa kupumzikia Usambara, wakauita Wilhelmstal, ambao leo ni Lushoto. Kusini wakajenga boma la Iringa mwaka 1896, wakati Mkwawa akiwa bado anawindwa porini, na huko Unyakyusa wakaweka kituo walichokiita Neu Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Hali ya hewa tunayoisifu leo, jamani, wenzetu waliisifu zamani, tena waliisifu wakiwa na bunduki mkononi.

Waingereza walipochukua nchi hii chini ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, sifa hizo zilizidi. Mwezi Oktoba 1925 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliitisha mkutano pale Tukuyu. Wakaja walowezi wa Kenya, wa Tanganyika, wa Rhodesia ya Kaskazini na wa Nyasaland. Kwa nini Tukuyu? Kwa sababu walitaka kuunganisha nyanda zote zenye baridi, kutoka Kenya hadi kusini, ziwe mnyororo mmoja wa makazi ya Wazungu. Mpango huo haukufaulu, kwa sehemu kwa kuwa gavana wa Tanganyika wakati huo, Sir Donald Cameron, hakuwaunga mkono. Hata hivyo mashamba ya chai na ya walowezi yalifunguliwa Mufindi na Rungwe, na Mbeya, mji uliozaliwa mwaka 1927 kwa harufu ya dhahabu ya Lupa, ukapata hoteli na kiwanja cha ndege. Ndege zilizotoka London kwenda Cape Town zilianza kutua Mbeya mwaka 1932, kabla watu wengi wa Mbeya hawajawahi kupanda hata lori.

Hapa ndipo nataka tusimame kidogo. Ofisa wa kikoloni alikuwa na likizo za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa likizo ndefu: akishatumika miaka miwili au mitatu, alilipiwa meli kwenda kwao Uingereza akapumzike miezi kadhaa. Ya pili ilikuwa fupi, ya kwenda mahali pa karibu penye baridi, milimani au ziwani, akavue samaki na kulala na blanketi mbili. Wakati wa Vita Kuu ya Pili meli zilipokuwa zinazamishwa baharini, ile ndefu ikawa ngumu kupatikana na hii ya karibu ndiyo ikabaki. Nyanda zetu zikageuka Ulaya ya muda. Wakati huo huo wakimbizi wa Kipolandi, wanawake na watoto wengi, waliletwa kuhifadhiwa Ifunda na Kidugala, na wao hawakuja mapumziko.

Tulipopata uhuru mwaka 1961 tulirithi likizo, ambayo wazee wetu waliiita livu. Lakini hebu tuangalie tulirithi ipi. Mtumishi wa serikali hulipiwa nauli ya likizo kila baada ya miaka miwili, yeye na familia yake, kwenda kwao kwa asili. Sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo yenye malipo. Kwa maoni yangu, tulichukua ile likizo ndefu ya mkoloni, ile ya kurudi kwao, tukaivalisha kanga. Ile fupi, ya kukaa mahali pazuri pa karibu bila kudaiwa kitu na mtu, tuliiacha hotelini pamoja na funguo.

Sina ugomvi na kwenda kijijini. Mtu aliyewasahau wazazi wake hana cha kupumzikia. Lakini tuseme ukweli. Baba anaondoka Dar es Salaam na sukari, sabuni, vitenge na madeni. Akifika anakuta ada za watoto wa ndugu, paa la bibi linavuja, shauri la shamba limemngoja miaka miwili. Mama anapika kuanzia alfajiri kwa kuwa wageni wamekuja kuwaona wageni. Baada ya wiki tatu wanarudi kazini wamechoka kuliko walivyoondoka, tena wamekopa nauli. Na watoto waliozaliwa Sinza au Temeke wanarudi wakiwa wameona sebule mbili na kaburi moja.

Wapo watakaosema kwamba haikuwa uvivu wetu, na ni kweli. Barabara yenyewe kwanza ilikuwa ya vumbi na matope. Rhodesia ya walowezi ilipojitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ikakosa njia ya shaba yake, malori ya mafuta yakaanza kupita huku usiku na mchana, madereva wakaibatiza jina la Barabara ya Jehanamu. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 70. Kisha ikaja shida ya mafuta, na wengi wenu mnakumbuka zuio la kuendesha magari binafsi Jumapili mchana. Nani angekwenda kutazama ziwa, na petroli ni ya kuomba kibali?

Lakini zuio hilo liliondoka zamani. Leo anayepita Ilula na siku nne mkononi anaweza kuteremka Iringa akalala nyumba ya wageni ya kawaida. Asubuhi aende Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyoangushwa tarehe 30 Oktoba 1894, ambako limehifadhiwa fuvu la kichwa chake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwezi Juni 1954. Mchana aende Isimila, kwenye zana za mawe zilizochimbuliwa na Profesa Clark Howell mwaka 1957 na 1958, katikati ya nguzo za udongo zilizochongwa na mvua. Katika hifadhi za taifa Mtanzania hulipa kwa shilingi, kiingilio kidogo sana ukilinganisha na dola za mgeni, na bado wageni ndio wanaojaa.

Serikali nayo ilitaka kuifungua kusini. Mwaka 2017 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 150 kwa ajili ya utalii wa kusini, Ruaha ikiwemo. Mwaka 2024 fedha hizo zilisimamishwa, kisha mradi ukafutwa, baada ya malalamiko ya wafugaji na wanavijiji wanaopakana na hifadhi hiyo kuhusu kuteswa na kuondolewa. Sijui ndugu zangu mnalipokeaje hilo. Mimi naliona lina ukoo na mkutano wa Tukuyu: uzuri wa nchi unapangwa, na aliyezaliwa ndani yake anahesabiwa kuwa kikwazo.

Mwananchi anayelala Tukuyu usiku mmoja, akanunua ndizi na kahawa, akalipa kijana wa kumpandisha msitu hadi ziwa Ngozi, hamwondoi mtu. Vijana hao watamsimulia kuwa Wajerumani walitupa hazina ndani ya ziwa hilo. Asikilize tu, hadithi hailipiwi kodi. Kutoka hapo barabara inateremka Kyela kwenye mpunga, mpaka Matema, ambapo milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja majini katika Ziwa Nyasa. Ni bora afike Ijumaa. Jumamosi ni siku ya soko, na Wakisi wa Ikombe huja kwa mitumbwi iliyosheheni vyungu, vimepangwa juu ya nyasi visigongane, na mama akitaka kujua kama chungu ni kizima hukigonga kwa kidole na kusikiliza.