Wajumbe wa Mangi

Huku Marangu, ukimkosea jirani unamwendea umeshika jani la isale, mmea wa amani, naye hawezi kukufukuza. Kabla ya bendera ya mgeni yeyote kupandishwa Uchagani, watu wa mlima huu wa Kilimanjaro walikuwa na kanuni zao za amani na vita. Mteremko uligawanyika katika tawala nyingi ndogo, mabonde ya mito yakiwa mipaka, na mamangi, yaani watawala wake, walitumiana wajumbe, wakaozeshana mabinti, wakachanjia udugu. Tunawakosea sana tunapowasimulia kama watu waliolaghaiwa kwa shanga.

Mtazame Rindi, mangi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara. Mwaka 1885 Lloyd Mathews, kamanda wa jeshi la Sultani Barghash wa Zanzibar, alipanda mlimani na kupokea utii wa mamangi. Hazikupita wiki nyingi akafika Karl Jühlke, mtu wa kampuni ya Carl Peters, naye Rindi akatia mkono wake kwenye mkataba wa Wajerumani. Alikuwa akipima ni nani atakayemsaidia dhidi ya Sina wa Kibosho, hasimu wake mkubwa. Mwaka uliofuata, Uingereza na Ujerumani zikakubaliana mpaka huko Ulaya, Kilimanjaro yote ikaangukia upande wa Wajerumani. Hakuna mangi aliyeulizwa. Hata hivyo, mwaka 1889 wajumbe wa Rindi walisafiri hadi Berlin wakapokewa na Kaisari Wilhelm wa Pili. Watu wa kutoka migombani, mbele ya kiti cha enzi cha Ujerumani! Natamani shule zetu ziwasomeshe watoto safari ile.

Marangu ilikuwa ndogo kuliko Moshi na Kibosho, na mangi wake, Marealle, alilijua hilo. Silaha yake ilikuwa ukarimu. Mjerumani Hans Meyer alianzia kwake safari ya kufika kileleni mwaka 1889. Rindi alipofariki mwaka 1891, mwanawe Meli akarithi kiti, na mwaka huohuo Peters, sasa kamishna wa Kaisari, akaweka kituo chake Marangu. Heshima hiyo ilikuja na damu: hapo kituoni Peters aliwanyonga mtumishi wake Mabruk na msichana Jagodjo, na ukatili huo ndio uliokuja kumfukuzisha kazi serikalini mwaka 1897.

Mwezi Juni 1892 askari wa Meli waliwashinda Wajerumani, na kiongozi wao, von Bülow, akauawa. Agosti 1893 Wajerumani wakarudi na jeshi kubwa zaidi chini ya von Schele, Moshi ikaanguka. Marealle, rafiki wa washindi, akawa mwenye nguvu kuliko mamangi wote. Tarehe 2 Machi 1900, Meli, Ngalami wa Siha, Molelia wa Kibosho na wenzao, jumla watu 19, walinyongwa Old Moshi kwa tuhuma za kupanga uasi. Masimulizi ya majirani yanamtaja Marealle kuwa ndiye aliyepeleka maneno kwa Wajerumani. Mimi ninayeandika haya sina haki ya kumsafisha. Miaka michache baadaye, mashaka yalipomgeukia yeye mwenyewe, alivuka mpaka akakimbilia kwa Waingereza.

Mjukuu wake, Thomas Marealle, alichaguliwa Mangi Mkuu wa Wachaga wote. Mwaka 1957 alisimama New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akizungumza juu ya mustakabali wa Tanganyika.