Goti la mrukaji

Goti la mrukaji ni maumivu sugu ya kano linalounganisha kilegesambwa na mfupa wa muundi. Huwapata zaidi wachezaji wa voliboli na mpira wa kikapu. Jina lilienezwa na daktari Martin Blazina wa Marekani mwaka 1973. Maumivu hukaa palepale chini ya kilegesambwa, na huzidi mtu anaporuka au kuchuchumaa.

Tiba kuu ni mazoezi, wala si kulala kitandani: kano lisilobebeshwa mzigo huzidi kudhoofika. Mgonjwa huanza kwa kukaza misuli ya paja huku goti limetulia, kwa mfano sekunde 45 mara 5. Kisha hunyanyua vyuma vizito polepole, au huchuchumaa kwa mguu mmoja juu ya ubao ulioinama nyuzi 25. Maumivu madogo huvumilika, mradi yasizidi kesho yake. Kuruka hurudishwa mwishoni kabisa. Sindano ya steroidi hutuliza kwa muda mfupi tu, na yaweza kulidhoofisha kano lenyewe. Utafiti uliofanyika Norwei na kuchapishwa mwaka 2006 haukuona upasuaji ukishinda mazoezi. Nafuu ya kweli huchukua miezi 3 hadi 6, pengine zaidi.