Arobaini Bila Uji

Neno karantini lilitujia kwa meli. Enzi za tauni, Venice ilizizuia meli zingoje siku arobaini kabla watu kushuka, na arobaini kwa Kiitaliano ni quaranta.

Agosti 2020, korona ikiwa bado moto, MSC Grandiosa iling'oa nanga Genoa kwenda kuwatembeza watalii Mediterania. Abiria walipimwa kabla ya kupanda, na bandarini walishuka kwa kundi tu. Familia moja ilipojitenga na wenzao kule Naples, ikakatazwa kurudi melini. Masharti makali, sawa, lakini chakula kilikuwa mezani.

Miezi mitatu nyuma, Mei 6, serikali ilikuwa imeufunga Mji wa Kale, Mombasa. Kuingia hakuna, kutoka hakuna. Ilikuwa Ramadhani, hata Idi iliwakuta ndani, mpaka Juni mwanzoni. Sasa hebu fikiria hamali anayelipwa kwa mzigo aliobeba leo. Anafuturu na nini?

Arobaini sisi Waswahili tunaijua. Mzazi hukaa ndani siku arobaini, lakini hupikiwa uji, hukandwa, hatumwi popote. Kumfungia mtu ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni uji.