Msimbazi na Jangwani: timu ikifungwa, nani anajibu?

Novemba 5, 2023, Yanga iliichapa Simba mabao 5-1 kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa. Siku mbili baadaye kocha wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira, maarufu kama Robertinho, alifungashiwa virago. Hiyo ndiyo ilikuwa mechi yake ya kwanza kupoteza kwenye ligi msimu ule. Kwamba kikosi kilisajiliwa na nani, kwa fedha za nani na kwa ushauri wa nani, hilo likabaki kuwa gumzo la vijiweni.

Kwa karibu miaka 90 klabu hizi mbili, Yanga ya Jangwani ya mwaka 1935 na Simba ya Msimbazi iliyoanzishwa mwaka mmoja baadaye, zimekuwa mali ya wanachama. Mwanachama ana kadi, ana tawi, ana kura kwenye mkutano mkuu. Kwa hiyo kikatiba jibu ni jepesi: viongozi wanawajibika kwake. Tatizo ni kwamba kadi haikuwahi kutosha kulipa mishahara.

Kabla fedha hazijawa nyingi, ugomvi ulikuwa wa nani mwenye klabu. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka kati ya Kandambili na Raizoni, kila kambi ikijitambulisha kwa aina ya kiatu, na mwaka 1976 kundi kubwa la wachezaji likahama kwenda kuunda Pan African. Bili ya ugomvi ule ililetwa uwanjani. Julai 19, 1977 Simba ilishinda 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga matatu. Waliofungwa siku ile hawakuwa wamegombania uongozi. Waliogombania walikuwa jukwaani.

Kisha akaja mfadhili. Miaka ya 1990 Yanga ilikuwa na Abbas Gulamali, Simba ikawa na Azim Dewji, na mwaka 1993 Simba ikafika fainali ya Kombe la CAF. Ilitoka 0-0 na Stella mjini Abidjan, ikafungwa 2-0 nyumbani Dar es Salaam. Mfadhili hakugombea nafasi, hakusoma ripoti ya mapato mbele ya wanachama, na siku akichoka alirudi kwenye biashara zake. Mwenyekiti aliyechaguliwa ndiye aliyezomewa, ingawa mara nyingi uamuzi mzito wa usajili ulikuwa umeshafanywa na mwenye fedha. Baadaye Msimbazi likaibuka kundi la wenye uwezo, Friends of Simba, lenye sauti kubwa kuliko kamati nyingi za kuchaguliwa. Sisemi walikuwa na nia mbaya, maana bila wao kuna misimu ambayo timu isingesafiri. Nasema tu hapakuwa na kikao ambacho wangeweza kuhojiwa.

Yusuf Manji aliuvunja mtindo huo. Mwaka 2012 aligombea na kuwa mwenyekiti wa Yanga, fedha na kura vikakaa mkononi mwa mtu mmoja. Yanga ikatwaa ubingwa 2013, kisha mara tatu mfululizo kuanzia 2015. Mwaka 2016 akapeleka kwa wanachama wazo la kukodishwa klabu kwa miaka 10, wakamshangilia. Baraza la Michezo la Taifa likaja juu na mpango ukafa. Mei 2017 alijiuzulu. Kilichofuata kinaeleza mengi kuliko makombe yale: wachezaji wakadai mishahara, na msimu wa 2018/19 kocha Mwinyi Zahera alionekana akihamasisha mashabiki kuichangia timu. Kocha anatembeza bakuli! Hapo hata swali la nani anawajibika lilikuwa limekosa wa kuulizwa.

Simba ilichukua njia ya hisa. Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, na kanuni za serikali zikaweka mpaka: wanachama asilimia 51 ya hisa, mwekezaji 49. Kwenye karatasi ni mgawanyo mzuri. Bodi ina watu wa pande zote mbili, chini yake yupo mtendaji mkuu anayeajiriwa, na mwenyekiti wa upande wa wanachama anachaguliwa. Lakini mchakato ulikwama kwa miaka kwenye Tume ya Ushindani, na wakati huo timu ilikuwa inacheza, inasajili, inafukuza. Swedi Nkwabi, aliyechaguliwa mwenyekiti Novemba 2018, aliachia ngazi kabla mwaka haujaisha. Mtendaji mkuu Senzo Mazingisa aliondoka Agosti 2020 akaenda, ajabu, kwa watani wa jadi.

Kisa kinachonivutia zaidi ni cha Januari 13, 2020. Simba ilifungwa na Mtibwa Sugar fainali ya Kombe la Mapinduzi, Zanzibar, na usiku huohuo Dewji akaandika mtandaoni kwamba anajiuzulu uenyekiti wa bodi. Baadaye akabadili mawazo. Kujiuzulu kwa mwekezaji ni kitu cha kutazamwa kwa makini: anaacha kiti, haachi asilimia 49. Hata alipong'atuka kweli Septemba 2021 na kumwachia Salim Abdallah 'Try Again', mashabiki waliendelea kumuuliza yeye.

Muundo huo ulipimwa Juni 2024, baada ya Simba kumaliza nafasi ya tatu nyuma ya Yanga na Azam. Wajumbe wa bodi wa upande wa mwekezaji walijiuzulu, Try Again akiwemo, na Dewji akarejea kuwa mwenyekiti wa bodi. Mashabiki wakataka na mwenyekiti wa upande wa wanachama, Murtaza Mangungu, aondoke. Yeye alibaki, na kwa hoja ya katiba alikuwa na haki: alichaguliwa na wanachama mwaka 2021, akachaguliwa tena Januari 2023, na wenye uwezo wa kumng'oa ni haohao, kwenye mkutano mkuu. Upande wa asilimia 49 ulisafishwa ndani ya siku chache kwa uamuzi wa mtu mmoja. Upande wa 51 haukubadilika hata kiti kimoja cha juu. Julai ikatangazwa benchi jipya la ufundi, chini ya Fadlu Davids kutoka Afrika Kusini.