Nyangwe na Kasongo: mashauri mawili kwa wageni wakati wa hatari

Hali ya hatari ikitangazwa katika nchi ya kigeni, serikali huwapa raia wake walio huko mashauri yaleyale: msijiingize katika ugomvi, ondokeni njia ingali wazi. Huku kusini mwa Maniema mashauri hayo yalitolewa zamani, kabla ya kuwako balozi yeyote.

Mwaka 1871 David Livingstone alikaa Nyangwe tangu mwisho wa Machi, akitafuta mitumbwi ya kuvuka Lualaba. Nyangwe ilikuwa makao ya wafanyabiashara wa pembe na watumwa, na soko lake liliwakusanya akina mama kutoka ng'ambo zote mbili za mto. Tarehe 15 Julai watu wa tajiri Dugumbe waliingia sokoni na bunduki. Baada ya ubishi wa bei ya kuku, risasi zikaanza kulia. Akina mama wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikasongamana, wengi wakajitupa mtoni wakazama. Waarabu wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone alitaka kuwapiga wauaji kwa bastola. Dugumbe akamkataza: asijiingize katika kisasi cha damu. Alisikia, na baadaye akaandika kwamba alishukuru kwa kusikia. Aliwatuma watu wake na bendera ya Uingereza wawaokoe baadhi, kwa kuwa bila bendera wao pia wangeweza kuuawa. Siku chache baadaye akaondoka, na mwezi Oktoba akafika Ujiji akiwa hai. Habari zake ziliongeza nguvu ya wale waliopinga biashara ya watumwa, na mwaka 1873 Sultani Barghash akakubali kulifunga soko la watumwa la Unguja.

Mwaka 1892 mambo yalikuwa tofauti. Wabelgiji wawili, Lippens na De Bruyne, walikuwa wajumbe wa Dola Huru la Kongo huko Kasongo, kwa Sefu, mwana wa Tippu Tip. Mwezi Septemba Gongo Lutete, aliyekuwa upande wa Waarabu, alihamia upande wa Dola, na jemadari Dhanis akampokea huku wajumbe hao wangali Kasongo. Sefu akawashika, akataka arudishiwe Gongo Lutete.

Mwezi Novemba De Bruyne aliletwa ukingoni mwa Lomami azungumze na wenzake waliokuwa ng'ambo. Wakamshauri ajitupe majini, wao wangemlinda kwa bunduki. Akakataa, kwa sababu Lippens alikuwa amebaki Kasongo, na kutoroka kwake kungekuwa kifo cha mwenzake. Akarudi na waliomshika. Mwezi Desemba wote wawili waliuawa Kasongo. Jeshi la Dhanis liliingia Nyangwe tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo tarehe 22 Aprili. Sanamu ya hao wawili ipo Blankenberge, Ubelgiji.

Livingstone alipata shauri kwa wakati, ingawa lilitoka kwa bwana wa wauaji. De Bruyne alilipata njia ilipokwisha kufungwa, na lilimtaka amwache mwenzake. Waliowaweka Kasongo walipaswa kuwaondoa kwanza, ndipo wamkubali Gongo Lutete.

Akina mama wa soko la Nyangwe hawakupewa shauri lolote. Hawakuwa na bendera wala serikali ya kuwaita warudi nyumbani, kwa kuwa walikuwa kwao.