'Mkimbizi wa tabianchi': jina maarufu ambalo sheria hailijui

Gatumba iko magharibi mwa Bujumbura, karibu kabisa na mpaka wa Burundi na Congo, kwenye tambarare ambako mto Rusizi unaingia Ziwa Tanganyika. Aprili 2020 mto huo ulifurika na maelfu ya familia zikahama. Wengi waliishia kwenye mahema huko Maramvya.

Mwaka 2024 ikawa zamu ya ziwa lenyewe kupanda. Mitumbwi ilipita palipokuwa barabara, na viboko wakafika hadi kwenye makazi ya watu.

Mitandaoni watu hawa huitwa 'wakimbizi wa tabianchi'. Kisheria, siyo wakimbizi.

Mkimbizi ni nani basi?

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951 unamtambua mtu aliye nje ya nchi yake kwa hofu ya kuteswa kwa sababu ya rangi, dini, utaifa, kundi lake la kijamii au msimamo wa kisiasa. Mafuriko hayamo. Ukame nao haumo. Mto ukifurika hauulizi mtu ni wa chama gani.

Kiswahili nacho kinachanganya kidogo. Aliyehama bila kuvuka mpaka tunamwita 'mkimbizi wa ndani', wakati sheria haimhesabu kama mkimbizi hata kidogo. Huyo bado ni raia, na jukumu la kumlinda ni la serikali yake.

Kwa mkazi wa Gatumba tofauti hii si ya vitabuni. Ng'ambo ya mpaka kuna Uvira, mwendo mfupi tu. Akivuka kwa sababu nyumba imezama, mkataba wa 1951 haumpi hadhi yoyote. Na Uvira yenyewe ilikumbwa na mafuriko mabaya Aprili hiyo hiyo ya 2020.

Kwa nini maji hayaondoki haraka?

Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji: mto Lukuga, upande wa Congo, pale Kalemie. Mvua ikinyesha kupita kiasi, maji huingia kwa kasi na kutoka taratibu. Ongeza udongo unaoporomoka kutoka milima iliyokatwa miti na kujaza mito, na mafuriko ya siku moja yanageuka tatizo la miezi.

Hali kama hiyo iko pia Kenya. Kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa, likiwemo Baringo, kumezamisha nyumba, shule, zahanati na mashamba. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 ilitaja karibu watu 380,000 walioathirika.

Afrika inasemaje?

Hapa bara hili limetangulia. Mkataba wa Kampala wa 2009, ulioanza kutumika Desemba 2012, unazitaka nchi wanachama kuwalinda pia waliohamishwa na majanga ya asili, na unataja wazi mabadiliko ya tabianchi. Lakini unahusu waliobaki ndani ya nchi zao tu, na unazibana nchi zilizouridhia.

Kwa wanaovuka mpaka kuna mkataba wa OAU wa 1969, unaogusa matukio yanayovuruga vibaya usalama wa umma. Mwaka 2011, ukame na njaa vilipowasukuma Wasomali hadi Dadaab, Kenya iliwapokea kama wakimbizi kwa ujumla wao. Vita ndiyo iliyowabeba kisheria. Ukame peke yake pengine usingetosha.

Na nje ya Afrika?

Ioane Teitiota, raia wa Kiribati, aliomba hifadhi New Zealand akisema bahari inameza visiwa vyao. Alikataliwa, akarudishwa kwao mwaka 2015. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa nayo haikumpa ushindi, ila uamuzi wake uliotangazwa Januari 2020 ulisema nchi zinaweza kuzuiwa kumrudisha mtu mahali ambapo tabianchi inatishia uhai wake.

Tahadhari kuhusu takwimu

Kituo cha IDMC cha Geneva kilihesabu safari milioni 45.8 za kuhama kwa sababu ya majanga ndani ya nchi mwaka 2024. Hizo ni safari, siyo vichwa. Familia ikihama mara tatu kwa mwaka, inahesabiwa mara tatu. Na huko Gatumba maji yakishuka, wapo wanaorudi kwenye kiwanja kile kile, maana ndicho pekee walicho nacho.