Kingo za TANZAM

Barabara kuu ya TANZAM hutoka Dar es Salaam, ikapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, mwendo wa kilomita zaidi ya 900. Haikujengwa kwa ajili ya watu wanaoishi kando yake. Ilijengwa kwa ajili ya mzigo unaopita, na sehemu kubwa ya historia ya usalama wake ni historia ya kuwakumbuka watu wa kandoni baada ya lami kukauka.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru. Mwezi uliofuata Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia huko, na bandari ya Dar es Salaam ikawa tegemeo lake. Mapipa yalipakiwa kwenye malori na kusafirishwa kwa njia ya udongo, yenye vumbi zito kiangazi na utelezi masika. Ajali zilikuwa nyingi kiasi kwamba magazeti ya Kiingereza yaliiita njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Zambia, lilipoanza kazi mwaka 1968 mapipa yalipungua, lakini shaba na shehena nyingine ziliendelea kupita. Lami ilitandazwa mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa fedha za Marekani na Benki ya Dunia miongoni mwa wafadhili.

Kwenye udongo, mashimo yenyewe yalikuwa askari wa usalama barabarani: hakuna dereva aliyeweza kukimbia. Lami ikamwondoa askari huyo.

Wakati huohuo watu walikuwa wakisogezwa barabarani. Mwishoni mwa 1973 serikali iliagiza wananchi wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya ujamaa ifikapo mwisho wa 1976. Vijiji vingi vilipangwa kandokando ya barabara, ili shule, zahanati na malori ya mazao yafike kwa urahisi. Kwa mpangaji wa vijiji, barabara ilikuwa huduma. Kwa mtoto ambaye shule yake ilikuwa ng'ambo, ilikuwa kitu cha kuvuka kila asubuhi. Pamoja na vijiji yakaja masoko: vitunguu Ruaha Mbuyuni, nyanya Ilula. Basi likipunguza mwendo, wachuuzi hulikimbilia na bidhaa kichwani, wakiinua mikono madirishani kabla magurudumu hayajasimama. Kibarua chao kiko hasa pale ambapo mhandisi aliacha nafasi ya gari kuchepukia.

Sheria ya Usalama Barabarani ilitungwa mwaka huohuo wa 1973. Iliweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa penye makazi, na 80 kwa magari mazito na ya abiria. Sheria haikuwa mbaya. Tatizo ni kwamba kijiji cha barabarani hakina lango. Dereva anayeshuka kutoka porini huona kibao cha 50, halafu nyumba tatu, halafu shamba la mahindi, na mguu unarudi kwenye mafuta. Ndiyo maana baadaye vibao viliongezewa matuta, na yale madogo madogo ya mfululizo yanayojulikana kama rasta, ambayo hayabishaniwi.

Madereva nao walijitungia alama zao. Lori likiharibika, utingo hukata matawi mabichi na kuyatandaza barabarani kwa kuachanisha nafasi, la mwisho likiwa mbali kabisa na gari. Kila dereva anajua maana yake: mbele kuna kitu. Sheria inataka pembe tatu zinazoakisi mwanga, na usiku tawi halionekani mpaka taa zilifikie. Mbaya zaidi ni mawe ya kuzuia magurudumu. Gari likishatengenezwa, mara nyingi mawe hubaki palepale yakimsubiri mwendesha pikipiki.

Mlima Kitonga, kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, umefundisha somo la aina yake. Wanaopanda hujikongoja, wanaoshuka hushawishika kutoa gia ili gari liteleze lenyewe na kubana mafuta. Breki zikichemka hazishiki tena, na upande mmoja kuna mwamba, upande wa pili korongo. Katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 na kukatwa na barabara hiyo kwa takriban kilomita 50, vibao na matuta viliwekwa kwa ajili ya wanyama.

Juhudi kubwa zaidi ya kusafisha kingo ilikuja kwa njia ya ardhi. Eneo la hifadhi ya barabara kuu lilikuwa likihesabiwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya 2007 ikalisogeza hadi mita 30. Nyumba zikaanza kupigwa alama ya X. Nyekundu ilimaanisha mwenye nyumba amejenga ndani ya eneo la zamani na hana fidia. Ya kijani, kwamba mpaka ndio uliomfuata. Nyumba ziliweza kurudi nyuma. Biashara haikurudi, kwa sababu mteja wake yuko kwenye lami.

Kwa mabasi, serikali ilipiga marufuku safari za usiku miaka ya 1990. Marufuku hiyo iliondoa basi gizani lakini ikampa dereva saa ya kukimbizana nayo, naye akakimbia mchana, akisaidiwa na wenzake wanaowashiana taa kuonya kwamba mbele kuna askari mwenye tochi ya kupimia mwendo nyuma ya kichaka.

Tarehe 10 Agosti 2019 lori la petroli lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walifika na ndoo na madumu kuchota mafuta, moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Wengi hawakuwa wasafiri.

Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku, safari hii kwa ratiba zilizoidhinishwa na vifaa vya kufuatilia mwendo. Vibanda vya kandoni navyo vikaanza kukesha.